Neno la Kufungulia Mlango: Jinsia, Sheria na Tiba Mjini Bujumbura, 1993–2023

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia, kwa njia ya historia ya maneno, jinsi jinsia na mwelekeo wa kimapenzi vilivyochangia kuamua nani aifikie tiba na nani aikose mjini Bujumbura tangu mwaka 1993. Hoja inayotetewa ni kwamba mgonjwa hupokelewa kwanza kwa neno, ndipo apokelewe kwa dawa. Pale lilipopatikana neno la kumpokea bila kumhukumu, mlango wa kituo cha afya ulifunguka. Pale sheria ilipotangulia kumpa jina la kosa, mlango ulifungwa, hata kwa watu ambao sheria yenyewe haikuwalenga. Ushahidi umetolewa katika majina ya vituo vya tiba, katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2009 na mjadala ulioizunguka, na katika msamiati wa Kiswahili na Kirundi unaotumiwa na washauri nasaha.

1.0 Majina yaliyo juu ya milango

Hospitali kubwa za Bujumbura zina majina ya wanaume wa koo za kifalme. Ipo ya Prince Régent Charles, yenye jina la mwanamfalme wa Ubelgiji. Ipo ya Prince Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa Oktoba 1961. Kule Kamenge ipo ya Mfalme Khaled wa Saudia, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Burundi. Ni majina ya heshima, nayo hayamwambii mgonjwa lolote kuhusu mgonjwa mwenyewe.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilizuka nyumba na jumuiya nyingine, ndogo zaidi, ambazo majina yake hayakutoka kwa watu. Yalitoka katika vitenzi vya Kirundi. Mwaka 1999 Chama cha Taifa cha Kuwasaidia Wenye VVU na Wagonjwa wa UKIMWI, kinachojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, ANSS, kilifungua kituo kilichoitwa Turiho. Mwaka 2003 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua kituo cha kuwahudumia waliobakwa kikaitwa Seruka. Na katika miaka hiyo hiyo kikundi cha watu wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja, kilichoanza kwa jina refu la Kifaransa lililotaja waziwazi haki za watu hao, kiliishia kujiita Humure.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mkubwa hapa. Turiho ni tu-ri-ho: kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi ni kile kile chetu, na ‘ho’ ya Kirundi ni ndugu wa ‘po’ yetu. Maana yake ni ‘tupo’, yaani tungali hai. Seruka imetokana na kitenzi guseruka, kujitokeza mbele za watu, kama anavyojitokeza bibi harusi. Humure ni neno la kumtuliza mtu: usiogope. Hakuna hata jina moja kati ya hayo matatu linalotaja ugonjwa, jeraha au aina ya mtu. Yote yanamsemesha anayeingia, au yanasema kwa niaba yake.

Mimi si daktari, na nyaraka za afya nimezisoma kama mtu wa lugha. Lakini nadhani majina hayo yanabeba historia ambayo takwimu peke yake haziwezi kuibeba.

2.0 Turiho: aliyesimama kanisani

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Burundi walitambuliwa mwaka 1983. Kwa miaka kumi iliyofuata ugonjwa ulikuwa na takwimu lakini haukuwa na mtu. Watu walikufa kwa ‘maradhi marefu’, kwa kifua, kwa kurogwa. Aliyeubadilisha usemi huo ni mwanamke. Jeanne Gapiya-Niyonzima, aliyekuwa amekwisha kufiwa na mtoto, mume na ndugu, alikuwa Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na VVU. Amesimulia mara kadhaa kwamba jambo hilo lilitokea kanisani: padri aliwaombea wagonjwa wa UKIMWI kwa namna iliyowahesabu kuwa wametenda dhambi, naye akasimama mbele ya waumini kusema kwamba yeye anavyo virusi na hakuwahi kuwa mwasherati. ANSS aliyoiasisi ilizaliwa mwaka 1993, mwaka ule ule ambao Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba na nchi ikaingia vitani.

Inafaa tukae kidogo juu ya tendo hilo. Mke mwaminifu aliyeambukizwa ndani ya ndoa hakuwa na nafasi katika usemi wa wakati ule. Usemi ulikuwa na mkosaji na ulikuwa na mgonjwa, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Mpaka leo, katika mazungumzo ya mitaani ya Bujumbura, mume aliyefariki husemwa kwa hali ya kutendwa, kwamba ‘aliambukizwa’, ilhali mjane husemwa kwa hali ya kutenda, kwamba ‘alimletea’. Kiambishi cha ‑w‑ kina huruma kwa mmoja na hakina kwa mwingine. Aliposimama, Gapiya alidai kauli ya kutendwa iwe haki ya wanawake pia.

Na hali halisi ilikuwa upande wake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016–2017 uliwakuta na VVU chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100, lakini kiwango cha wanawake kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha wanaume. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kimaumbile. Sehemu nyingine ni ya madaraka ya nyumbani: nani anaweza kudai kondomu, nani anaweza kukataa, nani anapimwa kliniki wakati wa ujauzito na hivyo kuwa wa kwanza kujua, na kwa kuwa wa kwanza kujua huwa wa kwanza kulaumiwa.

Ikumbukwe pia kwamba umaskini ulizidisha yote hayo. Mwaka 2006 Human Rights Watch na chama cha Kirundi cha APRODH walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Tarehe 1 Mei mwaka huo Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza kuwa kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano vitakuwa bure. Tangazo hilo liliwafungulia wanawake wengi mlango. Liliwafungulia, hata hivyo, kwa jina moja tu, jina la mama.

3.0 Seruka: saa 72

Vita vilivyoanza mwaka 1993 havikukoma kwa Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Seruka ilipofunguliwa miaka mitatu baadaye, mapigano yalikuwa bado yanaendelea kuuzunguka mji. Kituo kilipokea zaidi ya wanawake na wasichana 1,000 kila mwaka, na wengi wao hawakuwa wamefikia umri wa miaka 18. Kilichowashtua watu ni kwamba silaha zilipopungua idadi haikushuka ipasavyo. Aliyetajwa kuwa mtendaji aligeuka: badala ya mtu mwenye bunduki akawa jirani, mpangaji mwenza, mjomba.

Dawa za kumkinga mtu asiambukizwe VVU baada ya kubakwa hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Za kuzuia mimba zina takriban siku 5. Ni muda uliowekwa na miili yetu, na hakuna mahakama wala mila inayoweza kuurefusha. Lakini tuyahesabu yanayotakiwa kutendeka ndani ya saa hizo. Msichana wa Kinama lazima amwambie mtu. Huyo mtu lazima asadiki. Nauli lazima ipatikane, na mwenye nauli mara nyingi ni mwanamume wa nyumbani, ambaye naye ataulizia safari ni ya nini. Kisha mlangoni lazima lisemwe neno jingine kwa mtu asiyejulikana. Saa nyingi kati ya hizo 72 hupotelea katika kutafuta namna ya kusema, kabla hata ya kutafuta gari.

Hapa ndipo jina Seruka lilipofanya kazi. Mtu aliweza kusema ‘naenda Seruka’ na isiwe lazima aseme zaidi. Mwaka 2009 kituo kilikabidhiwa kwa asasi ya Kirundi iliyoendelea kukiendesha kwa jina lile lile. Jambo linalofanana na hilo lilitokea Gitega mwaka 2010, pale Madaktari Wasio na Mipaka walipofungua kituo cha kutibu fistula ya uzazi wakakiita Urumuri, yaani mwanga. Mwanamke anayevuja mkojo, aliyetengwa na mumewe na majirani kwa ajili ya harufu, alipewa mahali pa kwenda ambapo jina lake halinuki.

4.0 Kubaka, kunajisi, gufata ku nguvu

Bujumbura ni mji wa lugha zaidi ya moja, na mtaa wa Buyenzi, ulioanzishwa wakati wa utawala wa Wabelgiji kwa ajili ya Waswahili, bado unaamka na kulala kwa Kiswahili. Mshauri nasaha anayehudumia mji huu hutafsiri siku nzima: fomu iko kwa Kifaransa, machozi yako kwa Kirundi, na mara nyingi anayemsindikiza mgonjwa anazungumza Kiswahili.

Kirundi husema gufata ku nguvu, kushika kwa nguvu. Ni usemi wa kimwili, unaoweka uzito wote kwa aliyeshika. Kiswahili chetu kina njia mbili zinazoachana vibaya. ‘Kubaka’ kilimaanisha kunyakua, na katika Tanzania ndicho kilichokubalika katika lugha ya sheria na vyombo vya habari. ‘Kunajisi’ kimeenea zaidi Kenya, hasa pale aliyetendewa ni mtoto. Najisi ni uchafu wa kidini, unaozuia ibada mpaka mtu ajitwaharishe. Kwa hiyo kitenzi hicho humwangukia aliyetendewa: ndiye aliyebaki na najisi. Mtendaji ametoka katika sentensi akiwa msafi.

Niliwahi kukaa katika mafunzo ya washauri nasaha ambapo mmoja wao, mama mtu mzima wa Buyenzi, alikataa katakata kutumia neno hilo. Alisema: ‘Mwalimu, huyu mtoto anaswali. Nikimwambia amenajisiwa, ataacha kuswali.’ Wengine walilipendelea kwa kuwa liliwaonekea kuwa la adabu kuliko kubaka. Mabishano yalichukua asubuhi nzima, na sikuona kwamba muda ulipotea. Wasanifu wa istilahi katika ukanda wetu wamejitahidi kutenganisha ‘jinsi’, ya kimaumbile, na ‘jinsia’, ya kijamii, nami naheshimu kazi hiyo. Ila sijapata kuona mgonjwa aliyekosa dawa kwa sababu ya tofauti hizo mbili. Waliozikosa kwa sababu ya najisi nadhani wapo.

Msamiati wa watu wanaopendana na wenzao wa jinsia moja ni mkali zaidi. ‘Shoga’, ambalo katika pwani ni jina la kupendeza ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike, likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi. ‘Hanithi’ limechanganya mambo mawili yasiyohusiana, udhaifu wa nguvu za kiume na mwenendo. Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, alionyesha jinsi maneno haya yalivyoshikamana na vyeo na utajiri kuliko yanavyoshikamana na tendo lenyewe. Maneno hayo yalipopanda kutoka pwani hadi ziwa Tanganyika yaliacha nyuma mambo hayo ya cheo na kufika na ukali wake tu. Kwa Kiswahili cha Bujumbura hakuna neno la mtaani ambalo mtu wa namna hiyo angeweza kulitumia kujitaja mbele ya muuguzi bila kujitukana.

5.0 Mwaka 2009

Kanuni mpya ya Adhabu ilitiwa saini tarehe 22 Aprili 2009. Haitendewi haki ikikumbukwa kwa kifungu kimoja tu. Ilifuta adhabu ya kifo. Iliingiza mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na mateso katika orodha ya makosa. Ilifafanua ubakaji kwa upana zaidi na kuuwekea adhabu nzito zaidi. Wanawake waliotoka Seruka walipata sheria ambayo mama zao hawakuwa nayo.

Lakini Bunge lilipoipitisha mara ya kwanza, Novemba 2008, lilikuwa limeongeza kifungu kilichofanya mahusiano ya kimwili ya watu wa jinsia moja kuwa kosa, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Tarehe 17 Februari 2009 maseneta 36 kati ya 43 walikikataa. Tarehe 6 Machi maelfu ya watu waliandamana Bujumbura kwa wito wa chama tawala kukitetea. Makumi ya asasi za ndani na za nje zilikipinga, na ANSS, iliyojua vizuri ukimya unaua namna gani, ilikuwa miongoni mwa zilizoonya kwamba kitawafukuza watu kwenye huduma za VVU. Bunge lilikirudisha. Kikawa kifungu cha 567: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000.

Kanuni hiyo hiyo ilitambua kuwa mume anaweza kumbaka mkewe. Adhabu yake: siku 8, na faini ya faranga 10,000 hadi 50,000. Msomaji aviweke vifungu hivyo viwili pamoja. Wawili waliokubaliana wanaweza kufungwa miaka 2. Mmoja aliyemlazimisha mwenzake ndani ya ndoa, siku 8. Kwa hiyo kipimo cha kosa katika sehemu hiyo ya sheria si madhara yaliyomfika mtu. Ni umbo la nyumba: nani anastahili kuwa na nani, na nani ana mamlaka juu ya nani. Ndiyo maana nimeona haifai kuiandika historia ya wanawake wa Seruka na historia ya wanaume wa Humure katika makala mawili tofauti.

Waliotetea kifungu walidai kwamba jambo lenyewe ni la kigeni. Mtu wa kamusi hapaswi kunyamaza hapa. J. M. M. van der Burgt, mmisionari aliyechapisha kamusi ya Kifaransa na Kirundi mwanzoni mwa karne ya 20, aliingiza ndani yake maneno ya Kirundi ya kutaja watu na matendo ya namna hiyo. Kamusi ya mmisionari si shahidi kamili wa mila. Aliandika kwa macho yake na kwa hofu zake. Lakini hawezi kuwa alipewa na Warundi maneno ya jambo ambalo Warundi hawakuwa na habari nalo. La kigeni, kwa ushahidi tulionao, ni kifungu, kilichoandikwa kwa Kifaransa.

6.0 Ndani ya chumba cha ushauri

Baada ya 2009 serikali ilizungumza kwa ndimi mbili. Mipango ya kitaifa ya kupambana na UKIMWI iliendelea kuwataja wanaume wanaofanya ngono na wanaume kuwa miongoni mwa makundi ya kufikiwa, kwa sababu wataalamu wa magonjwa hawana njia ya kuhesabu bila kutaja. Juni 2011 Wizara ya Elimu ilitoa kanuni iliyoruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa kosa hilo. Kanuni ya Adhabu iliporekebishwa tarehe 29 Desemba 2017, kifungu kilibadilishwa namba tu, kikawa cha 590. Kijana mmoja, mwili mmoja: Wizara moja yamtafuta impime, nyingine yamtafuta imfukuze. Anayetakiwa kumkaribisha na anayetakiwa kumshitaki wanatumia sifa ile ile kumtambua.

Madhara yake kiafya hayahitaji kubuniwa, kwa kuwa yanafuata jinsi uchunguzi wa kitabibu unavyofanyika. Maambukizi ya sehemu ya haja kubwa hayaonekani asipoyasema mgonjwa; muuguzi atampa dawa ya kikohozi aliyokuja kuisingizia. Mwanamume anayeficha huoa, na mkewe hajui kwa nini apimwe. Mwanamke anayempenda mwanamke huozwa, na kliniki humwona kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, akiitwa mama. Kisha yupo mtu ambaye karibu wote tumemsahau, mwanamume aliyebakwa na mwanamume. Sheria haimhukumu aliyelazimishwa. Lakini saa zake 72 zikianza kuhesabika, sentensi anayotakiwa kuitamka mlangoni inaanza kwa tendo lile lile linalotajwa na kifungu, naye hana hakika kama muuguzi atangoja mpaka afike kwenye neno ‘kwa nguvu’.

Februari 2023 watu 24 walikamatwa Gitega katika semina iliyoandaliwa na asasi inayojishughulisha na VVU, wakashitakiwa kwa kosa hilo. Tarehe 29 Desemba mwaka huo Rais Évariste Ndayishimiye alisema hadharani kwamba watu hao wakikutwa wakusanywe uwanjani wapigwe mawe. Hakuna mshauri nasaha anayeweza kurudi kazini siku ya pili yake na kuuliza maswali ya fomu kama alivyoyauliza jana.

Nimalizie na fomu hiyo, kwa kuwa iko ndani ya uwezo wa wanakongamano. Fomu za Kifaransa zinazotumika humuuliza mgonjwa kuhusu mume au mke, na Kifaransa, hata kikitumia neno pana kama partenaire, hulazimika mapema kuchagua kati ya il na elle. Kirundi na Kiswahili havilazimishi. Kiambishi cha a‑ cha ngeli ya kwanza hakijui mwanamume wala mwanamke. ‘Mwenzi’ hana jinsia, wala umugenzi wa Kirundi. ‘Mwenzi wako anaishi wapi? Amewahi kupimwa? Amewahi kukulazimisha?’ Maswali haya matatu yanaweza kuulizwa kwa mke wa Ngozi, kwa msichana wa Kinama na kwa kijana wa Humure bila kubadilisha herufi, na kila mmoja akajibu kweli bila kusema zaidi ya anachotaka kusema. Katika nakala za Kiswahili za fomu hizo nilizoziona, mtafsiri alikuwa ameandika ‘mume/mke’.